Kimkwe cha Redioni

Mjukuu wangu alikuwa akizungumza kwenye simu mpaka chai yangu inapoa, halafu mwanangu anaichukua simu na kunitafsiria: "Mama, anakusalimu."

Basi, hilo tu. Mtoto amecheka, ameshusha sauti kama anayetoa siri, ameuliza jambo, amesubiri, ameuliza tena, na yote hayo kwa mwanangu ni salamu. Nikimwambia, "Salamu gani ndefu kama hotuba ya harusi?" anacheka. "Mama, ni mambo ya kitoto tu." Kisha ananiuliza kama nimekunywa dawa ya presha. Presha yenyewe anaipandisha yeye.

Mjukuu huyo ni wa pekee, na alipewa jina langu, kwa hiyo ni somo yangu. Anaishi ng'ambo na wazazi wake. Mwanangu alipoondoka hapa alikuwa msemaji hasa, mtu wa kuongea na ukuta ukamjibu. Huko kazi za zamu zikamchosha, nyumbani wakawa wanasema lugha ya mke peke yake, na mtoto akakua bila kujua hata "shikamoo". Simlaumu mkwe wangu. Yeye alijifunza kuniambia "shikamoo mama", na huitamka kwa jasho kama anayenyanyua gunia. Mvivu wa kinywa ni yule niliyemzaa mimi mwenyewe.

Lugha yao ina jina lake, lakini mimi niliibatiza Kimkwe, na wateja wangu wote wanaijua kwa jina hilo.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha mbele ndicho kiwanda changu: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, kioo kirefu, kamba yenye nguo zinazosubiri wenyewe, na redio kubwa ya marehemu mume wangu, antena yake imeungwa na waya wa kuanikia nguo. Simu ikilia huibana kati ya sikio na bega, miguu ikiendelea kukanyaga, maana nguo ya mtu haingoji maongezi. Simu yenyewe ni ya vitufe, haina mambo ya kuonana sura. Kwa hiyo mjukuu wangu nilimjua kwa sauti tu.

Siku moja mwanangu akaniambia watakuja likizo ya shule, yeye na mtoto, mkwe amekosa ruhusa kazini. Nikapiga vigelegele peke yangu. Halafu akaongeza, "Usihofu kuhusu lugha, mama. Nitakuwa natafsiri."

Hapo moto ukaniwaka. Niliiona likizo nzima mbele ya macho yangu: mtoto anakuja, anakaa, anacheza, anaondoka, na mimi nabaki mlangoni na "anakusalimu" yangu mkononi. Nauli ya huko si mchezo, na umri wangu haurudi nyuma. Hakuna aliyeniahidi safari ya pili. Ama nizungumze na somo yangu kwa kinywa changu safari hii, ama atakua mtu mzima akinikumbuka kama bibi fulani aliyekuwa akitabasamu tu.

Nikamwambia wifi yangu kwamba najifunza Kimkwe. Wifi huyu ni dada wa marehemu, anakaa nyumba ya jirani, na kila asubuhi huja kwenye benchi langu kunywa chai yangu na kunipa habari zangu mwenyewe.

"Wewe?" akasema. "Wifi, mzoea punda hapandi farasi."

"Nitampanda mchana kweupe," nikamjibu, "na wewe ndiye utakayeshika hatamu."

Maneno matamu hayo, lakini farasi mwenyewe sikujua anapandwa upande gani. Mteja mmoja aliniletea kitabu cha kujifunzia. Somo la kwanza lilikuwa la kupanga chumba hotelini. *Ningependa chumba chenye dirisha linaloelekea bustani.* Nikalikariri huku napiga pindo. Kisha nikajiuliza, hili nimwambie mjukuu wangu ili anipangishie? Somo la pili lilikuwa la kulalamika kwamba maji ya kuoga ni ya baridi. La tatu silijui, nililala. Leo kitabu hicho kipo chini ya mguu mfupi wa meza ya kukatia, na kazi kinayoifanya huko ni nzuri kuliko kiliyoifanya mikononi mwangu.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nazungusha kitufe cha redio nitafute chochote cha Kimkwe, hata matangazo ya vifo. Nikakuta mtu anapiga mayowe. Nikadhani kumezuka vita. Nikasikiliza, nyuma yake kuna ngurumo ya watu, filimbi, na yeye anakimbia na maneno kama aliyefukuzwa na nyuki. Kisha sauti ikapanda, ikapanda, watu wakalipuka, na yeye akavuta neno moja mpaka nikaogopa pumzi itamwishia.

Goli! Mimi na mpira wapi na wapi, lakini hilo halikuhitaji kamusi. Nilijikuta nimesimama, mkasi juu.

Marehemu aliupenda mpira kuliko wali, na alikuwa akiniambia kwamba siku za mechi kubwa redio zote duniani husema jambo moja. Nikafungua redio ndogo iliyo ndani ya simu yangu. Kweli, mtangazaji wetu alikuwa kwenye mechi ileile. Nikaweka redio ya marehemu kushoto, simu kulia, na mimi katikati na gauni la watu. Wetu akilia "Amekosa!" wa Kimkwe naye analia neno lake. Wetu akisema "anarudi nyuma," wa kule naye anasema la kwake, na kwa uchungu wake nilijua ndilo lenyewe. Ameanguka. Ameinuka. Haraka. Bado. Pembeni. Lo, maskini! Yakawa yanaingia bila kubisha hodi.

Raha yake sijui niieleze vipi. Kitabu kilitaka nielewe kwanza ndipo nifurahi. Redio ilinifurahisha kwanza, na kuelewa kukaja nyuma kunahema.

Basi nikashika tabia. Siku ambazo hakuna mechi, nikawa natangaza mwenyewe. Mteja akiingia, natangaza kwa Kimkwe: "Anaingia kutoka pembeni! Ana kitambaa! Anataka gauni kesho! Haiwezekani, refa, haiwezekani!" Nikipima kiuno, natangaza. Nikikata, nashusha sauti, maana mtangazaji hushusha sauti kabla ya penalti. Neno nisilolijua namwuliza dereva wa lori anayeleta suruali zake kutiwa viraka. Amezunguka sana, anakijua Kimkwe cha barabarani. Nikikosea, nalifumua na kulishona upya.

Wateja wakawa wanakuja bila nguo, wanataka kutangazwa tu. Wifi alikuwa akitikisa kichwa na kumimina chai. Na kila alipomimina, nilimtangaza: "Mchezaji wa akiba anakwenda moja kwa moja kwenye birika!"

Siku ya siku ikafika. Teksi ikasimama mlangoni, majirani wamejaa, wifi amejitanda mtandio wangu aliouazima tangu enzi na enzi. Mlango wa gari ukafunguka, na kikashuka kitoto chembamba chenye begi mgongoni na pengo mbele, uso ni wa marehemu mume wangu mtupu.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kitu kizuri. Nikafungua kinywa, na ndipo nikagundua kitu ambacho mtu mwingine yeyote angekigundua mapema: sijui kusema "karibu". Sijui kusema "nimekungoja sana". Redioni hakuna aliyewahi kumwambia mwenziwe hivyo. Kinywa kimeshafunguliwa, watu wanatazama, na kilichotoka, kwa sauti ileile ya redio, ni hiki:

"Mabibi na mabwana! Wanaingia! Ni yeye! Ni yeye! Uwanja mzima umesimama!"

Mtoto alirukia nyuma ya baba yake na kuushika mkanda wake kwa mikono miwili.

"Mama, taratibu," mwanangu akasema, uso umemwiva. "Unamtisha. Usihangaike, mimi nipo, nitatafsiri."

Wifi aliangua kicheko mpaka mtandio ukaanguka. "Kumbe ndicho Kimkwe hicho? Ugomvi!"

Niliumia. Sitasema niliona haya tu, niliumia hasa, kama mtu aliyepika siku nzima na wageni wakasukuma sahani. Siku zile za mwanzo nilifunga kinywa. Mtoto alikaa kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango, begi mgongoni, kama anayesubiri kuitwa aondoke. Hakuzungumza na mtu ila baba yake, tena kwa kunong'ona. Nikimwuliza mwanangu amesema nini, jibu mnalijua.

Kisha mwanangu akawa na shughuli ya kubadilisha pasipoti. Asubuhi akaniambia, "Mama, nitarudi kabla ya chakula cha mchana." Mtu aliyekaa ughaibuni miaka mingi amesahau foleni za ofisi zetu, na mimi sikumkumbusha. Akamnong'oneza mtoto, akaondoka, na somo yangu akabaki nami, ametoa macho kama kifaranga sokoni.

Nilimpa chai, akaitazama. Nilimpa mkate, akautazama. Nikajiambia, mwanamke wewe, usimguse na usimpigie kelele, kaa kwenye kazi yako. Nikaketi kwenye cherehani. Uzi ulikuwa umekatika.

Macho yangu siku hizi na tundu la sindano hayapatani. Nikalamba uzi, nikausogeza, ukapita pembeni. Nikaulamba tena. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, nikajikuta naanza kutangaza. Lakini sikupiga kelele. Nilitumia ile sauti ya chini, ya penalti, ambayo mtangazaji huitumia watu wote wakiwa wameshika pumzi.

"Bibi anakaribia," nikasema kwa Kimkwe. "Anatazama. Anapiga... Amekosa. Lo, maskini. Bibi anarudi tena. Amechoka, lakini hakati tamaa. Anapiga... nje!"

Nyuma yangu kiti kikalia.

Sikugeuka. Nikaulamba uzi. "Bibi ameachwa peke yake mbele. Hana wa kumsaidia. Ziko wapi nguvu mpya? Benchi la akiba liko kimya."

Hatua ndogo sakafuni. Nikasikia begi likiwekwa chini. Kisha mkono mdogo ukapita mbele ya uso wangu, ukauchukua uzi kutoka vidoleni mwangu, na mwenye mkono hakuulamba wala nini.

"Badiliko!" nikanong'ona. "Anaingia mchezaji mpya. Ni mdogo. Hana jino moja. Lakini tazama macho hayo! Anasogea. Uwanja mzima kimya. Anapiga..."

Uzi ukapita.

Sijui nani alianza. Najua tulilivuta neno lile pamoja, yeye kwa pengo lake na mimi kwa koo langu lote, "Goooooli!" mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Alikimbia kuizunguka meza ya kukatia, mikono imenyooka kama ndege, akarudi akanirukia mapajani. Uzito wake ule mdogo nausikia mpaka leo.

Nikakanyaga, nimwonyeshe goli alilofunga limefanya kazi gani. Cherehani ikaanza mlio wake, taka-taka-taka-taka. Mtoto akaganda. Akaitazama cherehani, akanitazama mimi.

"Farasi!" akasema.

Neno hilo nililijua. Mtangazaji wangu alikuwa na winga wake mmoja kipenzi, na kila alipochomoka na mpira alikuwa akimwita farasi.

"Wapi farasi?" nikamwuliza.

Hapo maneno yakamwagika. Nikamwambia "Bado, bado, haraka sana," naye akayarudia polepole, kwa vidole na macho na kurukaruka, mpaka yote yakaniingia. Kwenye simu, alisema, siku zote kulikuwa na farasi nyuma yangu, anakimbia. Aliwaambia wenzake shuleni kwamba bibi yake anaongea na simu akiwa juu ya farasi. Alikuwa akiniuliza anaitwa nani. Alikuwa akiniuliza anakula nini, na kama siku moja atampanda. Kila siku ya simu aliuliza. "Na wewe hukunijibu hata mara moja," akasema. "Baba alisema tu, bibi anakusalimu."

Mkono wangu ukakwama juu ya gurudumu. Kumbe na yeye! Kumbe mimi huku nanyimwa, na mtoto naye kule ananyimwa, na katikati amekaa mwanangu mwenye elimu zake anatugawia salamu kama mgawa dawa.

Nililia, sina haja ya kuzunguka. Nililia kwa uchungu na kwa furaha, vyote kwa pamoja, na mjukuu wangu akaniangalia kwa makini, akashusha sauti, akatangaza: "Bibi ameumia. Daktari aingie uwanjani?"

"Hapana," nikasema, "bibi ameinuka. Mchezo unaendelea." Na nikamjibu yote aliyokuwa akiniuliza. Nikamwambia farasi wangu anakula uzi. Nikamwambia anakunywa mafuta ya cherehani, tone moja moja. Kumpanda? Nikamweka mapajani, miguu yake juu ya miguu yangu kwenye pedali, tukakimbia. Tulishona kipande cha kitambaa chakavu kutoka upande huu mpaka ule, mshono umepinda vibaya kama njia ya mlevi, na sijawahi kushona kitu kizuri zaidi. Mkate ukaliwa. Chai ikanywewa, hata ya kwangu.

Wifi alikuja saa yake ya benchi. Alisimama mlangoni na kusahau kukaa.

"Wifi," nikamwambia bila kupunguza mwendo, "karibu. Umekuja kushika hatamu?"

Mtoto akamgeukia na kumweleza habari ndefu, mikono inaruka. Wifi akanitazama mimi, mpole kama siku ya posa. "Anasemaje?"

Nikamtafsiria. Anasema wewe ndiye mchezaji wa akiba, maana nimemsimulia. Anasema pua yako ni kama ya baba yake. Anasema leo ameweka uzi kwenye sindano mara moja tu, hakukosa, na kwamba ukitaka atakuonyesha, lakini uvue viatu kwanza. Anauliza kwa nini umejitanda nguo ya bibi. Sikubakiza hata neno, na pale alipovuta pumzi nami nilivuta.

Wifi akavua viatu. "Haya," akasema, "huyo farasi umempanda. Nimekubali." Na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo ule, alinimiminia chai mimi.

Jua lilikuwa limeanza kulala mwanangu aliporudi, shati limemgandia kwa jasho la foleni. Alitusikia tangu barabarani, ndivyo alivyosema baadaye, na alidhani ni redio. Alipoingia alitukuta chini, mimi na somo yangu, katikati ya vipande vya vitambaa, tunacheka mpaka tumeshikana. Mtoto alikuwa ametoka kunisimulia kisa kirefu kabisa, cha mwalimu wake, chura na mfuko wa koti, na alipomwona baba yake kicheko kikamzidi asiweze kusema.

Mwanangu alisimama, bahasha mkononi, anatutazama mmoja mmoja.

"Kuna nini?" akauliza. "Mama, amekwambia nini?"

Nikafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikamtazama vizuri mwanangu, mtoto niliyemfundisha kusema.

"Anakusalimu," nikamwambia.

Niliona neno lile likimwingia, likishuka, likifika. Akaketi kwenye kiti cha mlangoni, kilekile cha mtoto.

"Amekwambia habari za farasi," akasema polepole. "Mama, aliuliza kila mara. Mimi niliona ni utoto tu."

"Ni utoto, ndiyo," nikasema. "Huo utoto ndio niliokuwa nausubiri kwenye simu."

Somo yangu akaokota kipande cha kitambaa chekundu, akakinyanyua juu kama kibendera na kumtangazia baba yake, kwa sauti ya redio kabisa, kwamba ameotea na arudi nyuma aanze upya. Mwanangu akacheka, macho yake yamelowa. Akainuka, akatoka nje, akaufunga mlango, akabisha hodi.

Tukamwacha abishe kidogo. Kisha mtoto akanigeukia na kuniuliza watu wa hapa hujibu nini, nami nikamfundisha neno lake la kwanza la Kiswahili, akalipaza mpaka nje likasikika: "Karibu!"